Nasaba Zetu katika Daftari za Serikali

Muhadhara wa Ramadhani uliotolewa msikitini baada ya Sala ya Alasiri. Umenukuliwa kutoka katika sauti na kusahihishwa kidogo kwa ajili ya wasomaji.

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, aliyemuumba mwanadamu, akamjaalia kuwa na damu ya ukoo na udugu wa ndoa. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ahli zake, masahaba zake na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema mpaka siku ya malipo. 

Mada yetu ya leo imetokana na swali. Siku chache kabla ya mwezi kuandama, kijana mmoja wa jumuiya yetu, aliyezaliwa hapa hapa Uingereza, alitujia baada ya sala akiwa na karatasi mkononi. Ilikuwa nakala ya ukurasa wa daftari la zamani la Unguja, aliyopigiwa picha na jamaa yake. Daftari hilo liliandikwa miaka michache baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Katika safu moja mlikuwa na jina la mtoto wa kike, jina la shamba, jina la bwana, na neno moja kuhusu asili: Mnyasa. Kijana anaamini kwamba yule ndiye mama mzaa babu yake. Nyumbani kwao tangu hapo wanasema kwamba bibi huyo aliletwa na jahazi kutoka Oman akiwa mdogo. Baba yake alipoiona karatasi alisema maneno mawili tu: kachane hiyo. Naye kijana akatuuliza, "Sheikh, nichane?"

Hatukumjibu siku ile. Tulimwambia kwamba swali lake lina maswali mengine matatu ndani yake. Je, dini yetu inataka tuijue nasaba? Je, karatasi za serikali zinasema kweli? Na je, kila kilicho kweli kinatangazwa? Leo, kwa tawfiki ya Allah, tutayapitia moja baada ya jingine, kisha tutalirudia la kijana wetu.

Nasaba na kalamu katika dini yetu

Allah Mtukufu ametufundisha katika Suratul Hujurat, aya ya 13, kwamba ametufanya mataifa na makabila ili tupate kujuana, na kwamba mbora wetu mbele yake ni mchamungu zaidi. Mafundisho hayo mawili yamo katika aya moja, na mwenye kulichukua la kwanza akaliacha la pili hakuisoma aya. Naye Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ametuhimiza tujifunze katika nasaba zetu kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu. Tazameni alivyolifunga jambo hilo na lengo lake. Tunajifunza nasaba ili tumjue shangazi wa kumzuru, yatima wa kumlea, mrithi wa kupewa haki yake, na maharimu ambaye ndoa naye ni haramu. Atakayejifunza nasaba ili apate wa kumdharau, huyo ameshika upanga kwenye makali.

Tena katika Suratul Ahzab, aya ya 5, tumeamrishwa watu waitwe kwa baba zao. Aya hiyo ina kisa kinachojulikana. Zayd bin Haritha, Allah amridhie, alitekwa akiwa mdogo, akauzwa, akafika mikononi mwa Mtume, akaachwa huru na kupendwa mpaka watu wakamwita Zayd bin Muhammad. Aya iliposhuka alirejeshewa jina la baba yake mzazi. Mapenzi hayakupungua wala heshima haikushuka, lakini jina likarudi mahali pake. Na katika hadithi sahihi tumeonywa vikali kwamba mwenye kujinasibisha na asiye baba yake, naye anajua, Pepo ni haramu kwake.

Ama kuandika watu katika daftari, hilo si jambo la Wazungu peke yao. Bukhari amepokea kutoka kwa Hudhayfa (R.A.) kwamba Mtume aliagiza aandikiwe watu waliotamka Uislamu, wakaandikwa wanaume 1,500. Kisha Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) alipoanzisha Diwani ya kugawa mafungu ya mali, aliwaita wajuzi watatu wa nasaba, Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im, akawaamuru wawaandike watu kwa daraja za koo zao. Wanahistoria wengine wameitaja kazi hiyo katika mwaka wa 15 Hijria, wengine wa 20. Kwa hiyo daftari la serikali lililopangwa kwa nasaba ni jambo ambalo umma huu umelijua tangu zama za makhalifa waongofu.

Anzeni nyumbani, na anzeni leo

Ndugu zetu, kabla ya kwenda kwenye jengo lolote la nyaraka, daftari la kwanza limekaa sebuleni kwenu, nalo linazeeka. Mzee aliye hai leo anaweza kukupa majina ambayo hakuna karani aliyewahi kuyaandika. Tumezika wengi katika miaka hii, na kila tunapotoka makaburini tunamsikia mtu akisema, laiti ningalimuuliza.

Katika mwezi huu familia hukusanyika kwa futari. Kaeni na bibi na babu baada ya kufuturu, muombe ruhusa, muwashe simu irekodi sauti. Msiulize kwanza "tulizaliwa wapi", ulizeni mambo anayoyaona machoni mwake: nyumba ilikuwa mtaa gani, jirani alikuwa nani, nani alimzalisha mama, nani alimuozesha, msikiti gani, shamba la nani, maiti wa ukoo wamezikwa wapi. Muulizeni pia nani alinyonyeshwa pamoja na nani, kwa maana unyonyeshaji unaharamisha ndoa kama nasaba inavyoharamisha, wala hakuna cheti cha serikali kinachouandika.

Wazee wengi hawataji mwaka, hutaja tukio. Nanyi mkiyajua matukio mtaupata mwaka. Mwenye kusema mababu zake walipoteza mikarafuu kwa kimbunga kikubwa cha Unguja, huo ni mwaka 1872. Mwenye kusema mzazi wake alikuwa mtoto mchanga siku jumba la Sultani lilipopigwa mizinga, hiyo ni tarehe 27 Agosti 1896. Mwenye kutaja vita vya Mjarumani, huyo yuko kati ya 1914 na 1918. Andikeni maneno ya mzee kama alivyoyasema, kisha pembeni andikeni hesabu yenu. Msiyachanganye.

Daftari ziko wapi

Kwa wenye asili ya Unguja na Pemba, mlango mkubwa ni Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani. Humo mna barua za Kiarabu za zama za Masultani, kumbukumbu za ubalozi wa Uingereza uliofunguliwa mwaka 1841, na majalada ya serikali ya himaya iliyoanza mwaka 1890. Kwa mtafuta nasaba yaliyo bora zaidi ni yale yanayohusu mali na mahakama: hati za kuuza na kuweka rehani mashamba, mashauri ya mirathi, wasia na wakfu. Kwa nini? Kwa sababu mtu huweza kuishi miaka 60 bila serikali kumuuliza jina la babu yake, lakini akifa na kuacha shamba, kadhi huuliza ni nani warithi, na hapo ukoo mzima hutajwa kwa majina. Vyeti vya vizazi na vifo vya zama za karibu vinatafutwa kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, na kwa Tanzania Bara ni RITA.

Kwa ndugu zetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na mwambao wote wa Kenya, kuna sheria mbili za kuzikumbuka. Ya kwanza ni ya mwaka 1906 kuhusu kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu. Ya pili ni ya mwaka 1908 kuhusu hatimiliki za ardhi ya pwani, iliyowataka wenye mashamba na viwanja walete madai yao mbele ya msajili. Mwenye kudai alilazimika kueleza amekipata vipi: amenunua, amepewa, au amerithi, na kama amerithi, kutoka kwa nani. Majalada mengi ya serikali ya kikoloni yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Kenya, Moi Avenue, Nairobi. Ama vyeti vya kuzaliwa, msistaajabu mkivikosa. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ni ya mwaka 1928, lakini kwa Waafrika usajili wa lazima ulienezwa wilaya baada ya wilaya na haukuifikia nchi nzima hadi mwaka 1971. Asiyekuwa na cheti si kwamba hakuzaliwa kihalali. Serikali haikuwa imefika kwake.

Kwa wenye asili ya Tanga, Bagamoyo, Kilwa na bara, Nyaraka za Taifa zilizoko Dar es Salaam zina majalada ya Wajerumani na ya Waingereza waliowafuata. Majalada ya kwanza yameandikwa kwa Kijerumani, mengine kwa mwandiko wa zamani unaowashinda hata Wajerumani wa leo, kwa hiyo mtahitaji msaada.

Hapa Uingereza tunayo hazina jirani. Nyaraka za Taifa zilizoko Kew, kusini magharibi mwa London, ziko wazi kwa kila mtu. Katalogi yake inatafutwa kwa intaneti, kadi ya msomaji haina malipo, na mnaruhusiwa kupiga picha kwa simu. Kalamu ya wino hairuhusiwi, chukueni penseli. Mfululizo wenye alama FO 84 una barua za idara iliyoshughulikia biashara ya watumwa, na FO 54 ni za Maskati na Unguja. Alama BT 26 ni orodha za abiria walioingia kwa meli kutoka nje ya Ulaya kati ya 1878 na 1960: jina, umri, kazi na anwani aliyokusudia kufikia. Alama HO 334 ni vyeti vya waliopewa uraia. Wengi wa wazee waliotutangulia katika nchi hii walikuwa mabaharia, na orodha za wafanyakazi wa meli za mwaka 1915 zimewekwa kwenye intaneti bila malipo.

Sensa za Uingereza na Wales hufungwa kwa miaka 100. Ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Ya 1931 iliungua moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Basi ya 1951, Inshallah, wataifungua vijana hawa mnaowaona safu za nyuma.

Na kwa wenye jamaa Ghuba, Maktaba ya Uingereza imehifadhi kumbukumbu za Ofisi ya India, na nyingi kati ya zile za Ghuba zimewekwa kwenye Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, zinasomwa bure. Humo mna maelezo ya watu waliokimbilia kwa mawakala wa Kiingereza huko Maskati, Sharjah, Bahrain na Bushehr katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wakiomba hati ya uhuru. Kila mmoja aliulizwa jina lake, wazazi wake, alikozaliwa na alivyochukuliwa. Wamo waliosema walitolewa pwani yetu wakiwa watoto. Oman nayo ina Mamlaka ya Nyaraka na Kumbukumbu za Taifa, iliyoanzishwa mwaka 2007.

Karani naye ni msimulizi

Sasa tulikabili swali la pili. Je, karatasi zinasema kweli? Ndugu zetu, wanazuoni wa hadithi wametuachia elimu ambayo mtafuta nasaba hana budi kuiazima. Hawakuipokea habari mpaka waulize: imetoka kwa nani, alimsikia nani, alikuwa mwaminifu, alikuwa na kumbukumbu nzuri, je, wenzake wanaafikiana naye? Muhuri wa serikali haumtoi mtu katika maswali haya. Karani ni msimulizi, naye alikuwa na masikio yake, haraka yake na faida yake.

Kwanza, majina. Sisi tunajiita kwa jina, la baba na la babu. Hapa wanataka jina la ukoo. Matokeo yake, mtu na nduguye wa baba mmoja wameandikwa kwa majina ya ukoo tofauti, kwa kuwa mmoja alimtaja babu na mwingine alikomea kwa baba. Babu yetu sisi tunayezungumza nanyi tumemkuta katika karatasi tatu kwa maandishi matatu: Mbaraka, Mubarak na Embarak. Mjerumani aliandika Djuma, Mwingereza akaandika Jumah. Na mara nyingi mwanamke ameandikwa "binti Fulani" basi, jina lake mwenyewe halipo. Mkitafuta, andikeni kwanza kila umbo ambalo jina linaweza kuchukua.

Pili, umri na tarehe. Humu msikitini tukiwauliza wazee waliozaliwa tarehe 1 Januari wasimame, nusu ya safu itasimama! Hiyo si siku waliyozaliwa, ni siku waliyopewa na ofisi. Vitabu vya makadhi navyo vina tarehe za Hijria, na kila miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya miladi, kwa hiyo msikisie, fanyeni hesabu. Tena kwetu siku huanza magharibi. Mzee akisema alizaliwa usiku wa Ijumaa, kwa kalenda ya ofisi ni Alhamisi usiku.

Tatu, na hili ndilo kubwa: safu ya kabila. Watu waliandikwa Mwarabu, Mshirazi, Mswahili au mwenyeji katika zama ambazo neno hilo liliamua kodi, haki na hadhi. Mombasa, Taifa Thenashara waliteta na serikali kwa miongo mingi kuhusu kuhesabiwa wenyeji au wasio wenyeji. Unguja, ukilinganisha sensa ya 1924 na ya 1931 na ya 1948, unaona waliojiandikisha Waswahili wamepungua sana na Washirazi wameongezeka. Je, watu wale walikufa na wengine wakazaliwa? Hapana. Watu ni wale wale, jibu ndilo lililobadilika. Basi neno la safu ya kabila linatueleza mtu alijibu nini siku ile, mbele ya karani yule. Haliwi peke yake ushahidi wa damu.

Na nisba pia ina milango mingi. Katika fiqhi yetu, aliyeachwa huru huwa na walaa, yaani uhusiano wa kisheria na aliyemwacha huru, naye hunasibishwa na kabila lake kwa njia hiyo. Kwa hiyo mkikuta watu wawili wa nisba moja, mmoja anaweza kuwa ni wa damu na wa pili ni wa walaa, na wote wawili nisba yao ni ya haki. Ama mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana, huyo ni huru na nasaba yake kwa baba imekamilika haina upungufu. Ismail (A.S.) mama yake ni Hajar. Atakayeona aibu kwa jambo hili amtafute wa kumuelekezea aibu hiyo.

Wasioandikwa

Lazima pia tuwakumbuke wasiokuwamo. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, wapagazi kwa mamia ya maelfu walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi katika Afrika Mashariki. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na kikosi chao. Walikufa kwa njaa, homa na kuharisha, na wengi hawana kaburi linalojulikana wala jina katika orodha. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kwa usawa na wengine, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Kama katika ukoo wenu kuna aliyekwenda vitani asirudi, na hamkumkuta popote, msidhani mzee alidanganya.

Na msidhani kupotea kwa karatasi ni habari ya zamani. Mwaka 2010 Wizara ya Mambo ya Ndani hapa iliteketeza kadi za kuwasili za watu waliokuja miongo mingi nyuma. Miaka michache baadaye wazee waliokuja halali kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walitakiwa wathibitishe lini waliingia, wengine wakapoteza kazi, matibabu na makazi. Wazee wetu, hati zenu za zamani, pasi zilizokwisha muda, barua za ajira, msizitupe. Zipigieni picha na wapeni watoto nakala.

Mipaka ya kutafuta

Sasa swali la tatu. Kila kilicho kweli kinatangazwa? Hapana, ndugu zetu. Aya ya 12 ya sura ile ile ya Al-Hujurat imekataza upelelezi wa aibu za watu. Tunatafuta ya ukoo wetu, hatufukui ya jirani. Mkikuta jalada la kesi, talaka au tuhuma ya mtu, na haki ya mtu haisimami juu yake, lifungeni.

La pili, nasaba iliyothibiti kwa ndoa haivunjwi kwa karatasi moja wala kwa vipimo vya vinasaba vilivyonunuliwa kwa posta. Sharia imeweka kwamba mtoto ni wa kitanda cha ndoa. Mwenye shaka yenye athari za kisheria, katika mirathi au ndoa, na aende kwa kadhi au mwanazuoni, asiende kwenye kundi la simu la familia.

La tatu, wapo wanaoahidi kukutengenezea mti wa ukoo mpaka unakotaka ufike, kwa bei. Kila mmoja wetu anajua kwamba huko Ghuba nisba imekuwa na uzito katika karatasi za watu, na tunajua kishawishi chake. Lakini tumesoma onyo la Mtume. Mti ulionunuliwa ni kujinasibisha na asiye baba yako, nao una madhara mawili: unamwongezea mtu asiyehusika katika warithi, na unamfuta bibi yako wa kweli aliyekubeba babako mgongoni.

Jibu la kijana wetu

Tumrudie kijana wetu. Tulikaa naye na karatasi yake tukafanya kama tulivyowaeleza. Tulimwambia kwanza: hujui bado kama ni yeye. Jina lile lilikuwa jina la kawaida kwa watumwa wa zama hizo, na wangeweza kuwepo kumi. Una jina, una shamba, una bwana. Nenda ukatafute kitu cha pili kisichotokana na hiki cha kwanza.

Amekipata. Katika shauri la mirathi ya babu mkubwa, la miaka mingi baadaye, mjane ametajwa kwa jina lile lile, na shamba ni lile lile. Shangazi wa baba yake aliyeko Unguja, ambaye hakuonyeshwa karatasi hata moja, alipoulizwa alisema kwamba bibi alikuwa akiimba kwa lugha ambayo watoto hawakuielewa, na kwamba waliambiwa wasiulize. Misimulizi mitatu, kila mmoja kwa njia yake, inakutana mahali pamoja. Hatusemi ni yakini, lakini ni dhana yenye nguvu, na inatosha kuheshimiwa.

Kisha tukamwambia: nasaba yenu kwa upande wa baba haikuguswa na karatasi hii hata kwa herufi moja. Kilichoguswa ni kisa, si nasaba. Na mtu ambaye mlikuwa mkimwombea kwa asili isiyokuwa yake, sasa mnaweza kumwombea kama alivyokuwa: mtoto aliyetolewa kwao ng'ambo ya Ziwa Nyasa, akavushwa bara na bahari, kisha akasimama mwenyewe mbele ya mahakama. Amri ile ya 1897 haikuwafuata watumwa mashambani kuwaambia mko huru. Mtu alitakiwa aende mwenyewe akadai. Kwa mtoto wa kike asiye na baba wala kaka nchini, hiyo si aibu ya kufichwa, hiyo ni ujasiri. Salim, aliyekuwa mtumwa wa nyumba ya Abu Hudhayfa, ndiye aliyekuwa akiwaswalisha Muhajirina pale Quba, kwa sababu aliihifadhi Qur'ani kuliko wao. Hapakuuliza mtu alitoka nyumba gani.

Kwa hiyo, usichane. Kuchana ni kumuuza mara ya pili. Lakini pia usitangaze. Baba yako ana haki juu yako, na aibu aliyoirithi hakuitengeneza yeye. Keti naye peke yenu, msomee kwa upole, umpe muda. Jina la bibi huyo hatulitaji hapa, kwa kuwa si letu kulitangaza, ni la jamaa zake watakapokuwa tayari.

Mzee bado hajasema neno. Lakini kijana ametueleza kwamba karatasi sasa iko katika kabati la mzee, ndani ya msahafu wa marehemu mama yake, na hakuna aliyeiweka humo ila yeye mwenyewe.

Ndugu zetu, siku zilizobaki za mwezi huu ni chache. Kabla ya Idi, kila nyumba iandike majina ya vizazi vinne, wanaume na wanawake, kwa ukamilifu wa majina yao na mahali walipozikwa. Watoto wanaosoma madrasa wanajua herufi za Kiarabu, na barua nyingi za babu zetu ziliandikwa kwa Kiswahili cha herufi hizo hizo. Wapeni wasome, watawashangaza. Na kila jina mtakaloliandika, liombeeni usiku wa leo.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotutangulia, tunaowajua na tusiowajua, walioandikwa katika daftari za watu na wasioandikwa, kwani kwako hakuna aliyesahauliwa. Tuunganishie udugu wetu, utusitiri aibu zetu, ututakabalie swaumu zetu na visimamo vyetu. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.